Usiku wa Maji Mafu: Kuupiga Picha Mwezi kutoka Uani

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi, Wete, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wetu, mama zetu, na nyinyi wanafunzi ambao ndio mlionialika: ahsanteni sana. Nimepewa nusu saa, kisha tutoke uwanjani kwenye darubini. Nitajibana, maana Mwezi nao una ratiba yake na haungojei msemaji amalize.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi wa simu hapa Wete. Elimu ya anga sikuisomea darasani. Darubini yangu huiweka uani, baina ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, na picha hizi mnazoziona ukutani nyingi zimepigwa kwa simu za kawaida kabisa, za aina ile ile mliyonayo mifukoni hivi sasa huku mkijifanya hamnayo.

Neno langu la leo ni moja. Ukitaka kuipiga picha milima na mashimo ya Mwezi, usingoje mwezi kumi na nne, yaani mwezi mpevu. Toka nje usiku wa maji mafu.

Naona wavuvi wetu huko nyuma wametazamana. Maji mafu na darubini wapi na wapi? Basi tulifungue. Bamvua huja pale Jua, Dunia na Mwezi vinapokaa kwenye mstari mmoja, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mvuto wa Jua na wa Mwezi husaidiana, maji yakajaa sana na yakatoka sana. Maji mafu ni kinyume chake: Mwezi umekaa pembeni, mvuto wa huyu unapunguza wa yule, na bahari inakuwa haijai wala haitoki. Maji yenyewe hukawia siku moja au mbili nyuma ya Mwezi, lakini hesabu ni hiyo hiyo. Sasa, Mwezi ukikaa pembeni namna ile, Jua linaumulika kwa ubavu, na sisi tunaona nusu imewaka na nusu iko gizani. Mzee yeyote wa Tumbe anaijua siku hiyo bila kutazama kalenda. Kwa mpiga picha, hiyo ndiyo siku yenyewe.

Kinachochora uso wa Mwezi ni kivuli. Mtu angesimama kwenye ule mpaka wa mchana na usiku wa Mwezi, angeona Jua ndiyo kwanza linachomoza, na kila kilima kimelaza kivuli kirefu. Jua likiwa digrii 10 juu ya upeo wa huko, mlima wa mita 1,000 unatupa kivuli cha zaidi ya kilomita tano na nusu. Likiwa digrii 2 tu, kivuli cha mlima huo huo kinapita kilomita 28. Darubini ya uani haina nguvu ya kukuonyesha mlima ulivyosimama, lakini kivuli cha kilomita 28 inakionyesha bila taabu. Wanafunzi wa hesabu, hapo mna kazi ya kufanya: pima urefu wa kivuli kwenye picha yako, tafuta Jua liko digrii ngapi mahali pale, zidisha kwa tanjenti ya pembe hiyo, utapata kimo cha mlima. Galileo alitumia vivuli na mwanga wa vilele kukadiria milima ya Mwezi mwaka 1610, na hakuwa na simu wala kikokotoo.

Usiku wa mwezi kumi na nne Jua liko nyuma ya migongo yetu. Linaupiga Mwezi usoni moja kwa moja, vivuli vyote vinajificha chini ya vitu vyenyewe, na picha inatoka nyeupe kama ilivyo. Inafaa kuwekwa kwenye stetasi. Ya kusoma haina. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: nusu mwezi hautoi nusu ya mwanga wa mwezi mpevu. Hutoa kama sehemu moja tu katika kumi au pungufu kidogo, kwa sababu uso wote ule umejaa vivuli vidogo vidogo vinavyokula mwanga. Kwa hiyo kamera iliyotegwa kwa mwezi mpevu itakuletea nusu mwezi mweusi.

Nichukue mfano mmoja tu, nao tutautafuta leo. Kuna ukuta unaitwa Rupes Recta, upande wa kusini wa Mwezi. Ni mahali ambapo ardhi ilikatika ikashuka upande mmoja, kwa urefu wa kilomita 110 hivi. Kimo chake hakizidi sana mita 300, na mteremko wake si mkali kiasi hicho, mtu angeupanda kwa miguu. Lakini siku moja hivi baada ya nusu mwezi, ukuta ule unaonekana mstari mweusi ulionyooka, kana kwamba mtu ameupiga kwa rula. Mwezi ukishapevuka, huuoni kabisa. Umo mle mle lakini hauna kivuli. Kisha mwezi ukiwa unakufa, Jua linatokea upande wa pili, na ule mstari mweusi unarudi ukiwa mweupe, kwa kuwa sasa uso wa ukuta ndio unaomulikwa. Ukuta ni ule ule na darubini ni ile ile. Tarehe ndiyo imebadilika. Mimi picha zangu tatu za ukuta huo nimezibandika pamoja pale mlangoni, na ningependa kila mwanafunzi apate zake tatu kabla hajahangaika na kitu kingine.

Mpaka huo wa mchana na usiku nao hautulii. Kwenye ikweta ya Mwezi unasogea kilomita 15 na ushei kwa saa, mwendo wa mtu wa baiskeli asiye na haraka. Mkikaa nao kwa muda mtauona ukifanya kazi: ncha ya mlima inawaka peke yake ndani ya giza, tupu, haijashikana na chochote, ukirudi baada ya chai imeshaungana na nchi iliyo jirani. Kwa hiyo usipige picha moja ukaingia ndani kulala. Rudia mahali pale pale kila baada ya nusu saa.

Sasa nije kwenye jambo linalonifurahisha kuliko yote, na mwalimu wa historia naomba anisikilize. Mwaka 1651 padri mmoja wa Bologna, Italia, jina lake Giovanni Battista Riccioli, alitoa ramani ya Mwezi aliyoitengeneza na mwenzake Francesco Maria Grimaldi. Majina mengi aliyoyaandika ndiyo yanayotumika mpaka leo. Mashimo, au kreta kama tunavyoziita, alizipa majina ya watu wa elimu ya nyota. Na katika hao alikuwa na wanazuoni wengi wa ulimwengu wetu wa Kiislamu, ila majina yao yamevaa nguo za Kilatini na mtu akiyasoma haraka hawatambui.

Usiku wa leo, mwezi nane, yaani siku ya nane tangu kuandama, ule mpaka wa mchana na usiku unapita karibu na katikati ya uso wa Mwezi, na hapo wamekaa jirani jirani. Albategnius ni al-Battani, aliyefanya kazi yake Raqqa na kufariki mwaka 929. Aliupima mwaka wa Jua akapata siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24, akakosea dakika mbili na kitu tu. Arzachel ni al-Zarqali wa Toledo, Andalus, karne ya 11. Huyu mimi nampenda zaidi, kwani alianza akiwa fundi wa kuchonga vyombo vya chuma, na asturlabu aliyoibuni, yaani chombo cha kupimia nyota, ilifaa kutumiwa katika nchi yoyote badala ya mji mmoja. Pembeni yake kuna kreta ndogo, Alpetragius, naye ni al-Bitruji wa Andalus pia. Karibu na ule ukuta niliousema iko Thebit, ambaye ni Thabit ibn Qurra wa Baghdad, aliyefariki mwaka 901. Kati yao wamechanganyika Ptolemaeus, yule Batlamyusi ambaye vitabu vyake hao wote walivisoma na kuvisahihisha, na Alphonsus, mfalme wa Kastilia aliyewalipa wataalamu waziandike upya hesabu za nyota. Ndani ya Alphonsus ndimo kilimojigonga chombo cha Marekani, Ranger 9, tarehe 24 Machi 1965, kikirusha picha mpaka dakika ya mwisho.

Na ukubwa wao si wa kudharau. Arzachel ina upana wa kilomita 97. Pemba yetu, ambayo urefu wake ni kilomita 67 hivi, ingelala humo ndani na nafasi ikabaki. Ptolemaeus inapita kilomita 150.

Wa mwisho nimemweka makusudi. Mwenye kamera yoyote ana deni kwa al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 hivi na kufia Misri. Yeye ndiye aliyeeleza kwa majaribio namna mwanga unavyopita kwenye tundu dogo na kuchora sura upande wa pili, na aliandika pia juu ya mwanga wa Mwezi wenyewe. Kreta yake inaitwa Alhazen, ipo ukingoni kabisa, ng'ambo ya Mare Crisium, ile bahari nyeusi ya duara inayoonekana peke yake mapema mwezi ukiwa mchanga. Kumpiga picha kunahitaji subira, kwa sababu Mwezi una tabia ya kuyumba kidogo: mwezi huu unatugeuzia shavu hili, mwezi ujao lile. Kwa kuyumba huko, ukihesabu miezi mingi, tunaona asilimia 59 ya uso wake badala ya nusu kamili. Kuna miezi Alhazen anasogea ndani ukamwona vizuri, na kuna miezi anabanwa ukingoni akawa mstari tu. Ikiwa mtu ataniuliza kwa nini napiga picha kitu kile kile kila mwezi, jibu langu ni hilo.

Tarehe nyingine nitazipitia upesi. Mwezi tatu na nne, tafuta Mare Crisium na kreta mbili kubwa, Langrenus na Petavius. Usisahau pia ile sehemu ya giza, ambayo huonekana kwa unyonge kwa sababu Dunia yetu inaimulika. Mwezi tano na sita ni zamu ya Theophilus na jirani zake wawili. Mwezi tisa, Copernicus, upana wa kilomita 93, na kule kusini Clavius yenye vikreta ndani yake vilivyojipanga kwa upinde. Mwezi kumi na kumi na moja, ghuba ya Sinus Iridum, ambayo milima yake hushika Jua wakati chini bado ni giza. Na hata mwezi kumi na nne sitauonea kabisa: una miale myeupe inayotoka kwenye kreta ya Tycho na kutapakaa karibu uso mzima, na hiyo huonekana vyema kukiwa hakuna kivuli.

Kuhusu kuandama, mniwie radhi, sitasema neno. Jambo lile lina wenyewe na lina taratibu zake, na fundi wa simu hana nafasi humo.

Watu wa nchi za baridi wana mashine ambazo sisi hatutazigusa, lakini Mwezi wao mara nyingi hupita chini, karibu na upeo, na lazima waupige kupitia hewa nzito. Sisi tupo digrii 5 tu kusini ya ikweta. Mwezi kwetu hupita juu karibu na utosi, mwezi hadi mwezi, na njia ya mwanga ndani ya hewa inakuwa fupi. Hiyo ni neema ambayo haiuzwi dukani. Taa za mjini pia si tatizo kwa kazi hii. Mwezi una mwanga wa kutosha hata ukiwa Michenzani kule Unguja katikati ya taa za barabarani.

Neema hiyo ina gharama zake. Mwezi ukiwa utosini kabisa, darubini ya kusukuma kwa mkono inakuwa ngumu kugeuza. Nusu mwezi hufika juu jioni, kiasi cha saa 12 na kitu, kwa hiyo ngojea watu wamalize Isha, ifike saa 2 au saa 3 usiku, Mwezi uwe umeshaanza kuinama magharibi. Jambo la pili ni ramani. Ramani nyingi zimechapwa kaskazini ikiwa juu, kwa macho ya watu wa Ulaya. Kwetu Mwezi umelala: ukiutazama magharibi usiku wa leo, kaskazini yake iko mkono wako wa kulia na upande uliowaka unatazama chini. Darubini ya kioo inaupindua tena juu chini, na ile ya lenzi yenye kioo cha pembeni inaugeuza kushoto kulia. Basi usiipinde shingo. Igeuze ramani mpaka ifanane na unachokiona.

Na wale wanaotaka kuagiza stendi za mota za gharama kubwa, ulizeni kwanza kama zinakubali latitudo yetu. Nyingi zimetengenezwa kwa watu wanaoiona nyota ya Kaskazini. Sisi hatuioni, na ncha ya kusini ya anga iko digrii 5 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi. Kwa Mwezi hamna haja ya mota. Stendi ya mbao ya aina ya Dobson inatosha, ile iliyoenezwa na John Dobson kule San Francisco: sanduku linalozunguka na darubini inayoinuka na kuinama juu yake. Seremala yeyote wa hapa Wete anaweza kuitengeneza kwa plaiwudi, na nimeshaona kazi za maseremala wetu zinazopita za kiwandani.

Ukinunua darubini, usimsikilize mwenye duka anayekusomea kasha kwamba inakuza mara 525. Kanuni ya kawaida ni mara mbili kwa kila milimita ya upana wa kioo au lenzi ya mbele. Darubini ya milimita 70 mwisho wake ni mara 140. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Ya milimita 150, hewa ikiwa tulivu, inatenganisha vitu vya Mwezi vilivyoachana kilomita moja na nusu hivi, na hiyo ni kazi ya maisha mazima.

Nilisema hewa ikiwa tulivu. Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia, na kosa hutupiwa darubini. Bati lililopigwa na jua kutwa nzima linatoa joto usiku, na sakafu ya saruji mnayoanikia karafuu mchana ndiyo mbaya kuliko zote. Joto lile likipanda, Mwezi unachemka ndani ya darubini. Iweke kwenye majani au mchanga, isitazame juu ya paa la jirani, na itoe nje saa nzima kabla ili kioo chake kipoe kilingane na hewa. Ukuta wa ua utakukinga na upepo wa kusi, maana miezi ya kipupwe mbingu huwa safi lakini upepo hautaki utani. Wanaoamka alfajiri nao wana bahati yao: mwezi 22 au 23, mkitoka msikitini, nusu ya pili ya Mwezi iko juu, mabati yamepoa, hewa imetulia, na vivuli vyote vimegeukia upande wa pili.

Haya, simu. Hapa niko nyumbani.

Anza na lenzi ya jicho yenye nguvu ndogo, ya milimita 25 au karibu na hapo. Weka Mwezi katikati, rekebisha fokasi kwa jicho lako mwenyewe mpaka kingo za kreta zikate, ndipo ulete simu. Kushika kwa mkono inawezekana, ila kishikio cha kubana simu kwenye lenzi ya jicho ndicho kitu cha kwanza ningenunua. Tumia kamera kuu ya simu, ile ya mara moja, usivute kwa vidole. Zima flashi, Mwezi uko kilomita 384,400 kwa wastani, flashi yako haitafika. Gusa mahali penye mpaka wa kivuli, bonyeza usiachie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha teremsha mwanga kwa kidole mpaka sehemu nyeupe kabisa ianze kuonyesha vitu ndani yake. Simu huona giza jingi pembeni ikadhani picha nzima ni giza, ikauchoma Mwezi. Weka taima ya sekunde tatu ili mtikiso wa kidole uishe kabla picha haijapigwa.

Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha, ambaye ataifunga moja kwa moja kwenye darubini ya f/8, aanze na ISO 100 na sekunde 1/200 kwa mwezi mpevu, na 1/60 au 1/50 kwa nusu mwezi, kisha arekebishe.

Na sasa siri ya picha zile kubwa tatu za mwisho, ambazo nimeulizwa nimezipata wapi. Hizo si picha moja moja. Ni video. Hewa hutikisika, lakini katikati ya mtikiso kuna vipande vidogo vya utulivu, sehemu ndogo ya sekunde, ambapo kila kitu kinakata. Jicho haliwezi kuvikusanya, video inaweza. Rekodi dakika moja kwa fremu 30 za kila sekunde, utakuwa na fremu 1,800. Bila mota Mwezi utahama, kwani mzunguko wa Dunia unausogeza upana wake mzima kila dakika mbili. Uache upite, au usukume taratibu. Kisha kwenye kompyuta, programu ya PIPP inazipanga fremu, na AutoStakkert inazipima zote, inachagua zile safi, tuseme 200 au 300, na kuzilaza moja juu ya nyingine ili chengachenga zifutike. RegiStax ndiyo ya kunoa mwisho. Zote hizo ni za bure. Ila kunoa nako kuna kiasi: ukiona kila kreta imezungukwa na mzingo mweupe, umepitiliza, rudi nyuma.

Kuna programu za aina nyingine ambazo nataka mzizime. Baadhi ya simu za siku hizi zinautambua Mwezi zenyewe, na zikishautambua zinaunoa kwa vitu zilivyofundishwa kiwandani. Picha inatoka nzuri kupindukia, na hujui kipi kimeonwa na lenzi yako usiku ule na kipi simu ilikuja nacho. Mimi nauza simu na sitaki kuzisema vibaya, lakini picha ya namna hiyo haiwezi kupimiwa kivuli. Nenda kwenye mipangilio ya kamera, ondoa uboreshaji wa mandhari, au tumia programu inayohifadhi picha ghafi.

Utunzaji. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na kuvu ikiota kwenye lenzi inaitoboa ngozi yake isipone. Darubini ikitoka umandeni iachwe ikauke ndipo ifungwe, ikae ndani ya kasha pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, msivitupe. Kioo hakifutwi kwa ncha ya khanga, hata iwe laini namna gani. Vumbi likiwa kidogo liache, halionekani kwenye picha.

Na hili nalisema mbele ya wazazi wote. Darubini hizi hazielekezwi kwenye Jua, hata kwa kujaribu, hata kwa sekunde. Jicho linaungua na halirudi. Mchana zifungiwe ndani na ufunguo akae nao mwalimu.

Nimeletewa swali la maandishi hapa, nalo halikosi kila nikisimama: je, tutaiona bendera ya Wamarekani? Hapana. Bendera ya mita moja kwa umbali ule ingetaka kioo cha darubini chenye upana unaopita mita 200, na hakuna nchi iliyotengeneza kitu hicho. Picha za maeneo waliposhuka zimepigwa na chombo cha LRO, kilichorushwa mwaka 2009, ambacho kinauzunguka Mwezi kwa karibu. Humo vinaonekana vyombo walivyoviacha na hata njia walizopita kwa miguu. Sisi tunaweza kupiga picha mahali penyewe. Apollo 15 walishuka Julai 1971 chini ya milima ya Apenninus, na milima hiyo, ambayo vilele vyake vinafika kama kilomita tano, leo imekaa vizuri kabisa kwenye mwanga wa ubavu.

Muda wangu umekwisha na Mwalimu Mkuu ameshaitazama saa mara mbili. Nje kuna darubini mbili. Ile ndefu nyeupe ni ya kutazama kwa jicho: wazee wataanza, kisha wanafunzi kwa foleni, na kuna kigoda kwa walio wafupi. Msiishike, wekeni mikono nyuma. Ile fupi yenye kishikio ni ya picha. Kila darasa litoe simu moja, si simu arubaini, na picha zitagawiwa kesho. Tutaanza na Arzachel. Rupes Recta huenda saa hii bado iko gizani, na ikiwa hivyo, wanaoweza kubaki wabaki, tutazame kama Jua litaifikia kabla Mwezi haujatua. Mwenye simu azime flashi sasa hivi, kabla hajatoka mlangoni.

Tutokeni.